Jina Langu Katikati ya Marehemu

Jumapili ile nilisomwa kanisani katikati ya marehemu. Nilikuwa mstari wa tatu, kati ya mama yangu na shangazi yangu, nimevaa kitenge kipya cha manjano, nina afya tele na njaa ya asubuhi. Ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa, na nilijua nyumbani kuna sombe ya majani ya muhogo na samaki wadogo wa sambaza vinaningoja.

Msomaji wa siku hiyo hakuwa mtu wa haraka. Kila jina alilipa heshima yake.

"Tumukumbuke marehemu papa Jacques na bibi yake. Tumukumbuke marehemu Élie, mwalimu. Tumukumbuke marehemu Constance M'Cirhuza, kwa ombi la rafiki yake Chrispin."

Mama alinishika paja kwa nguvu, kama mtu anayehakikisha nyama bado ipo. Shangazi yangu, tantine Colette, alipiga ishara ya msalaba, kisha akainama akatazama miguu yangu, sijui alitaka kuona nini. Minong'ono ikaanza nyuma yetu, na kwaya ikaimba kwa sauti kubwa kuliko siku zote ili kuifunika. Baba alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Hakugeuka. Niliona shingo yake tu, na shingo ya baba ikikaza namna ile, nyumba nzima huwa tunatembea kwa vidole mpaka jioni.

Mimi nilikuwa nimeganda. Si kwa sababu ya kufa, maana nilijua sijafa. Niliganda kwa sababu ya lile jina la mwisho.

Chrispin ndiye mwanamume niliyempenda. Ni mtaalamu wa kilimo, anafanya kazi na wakulima wa mpunga kule Sange, chini kwenye tambarare ya Ruzizi, mahali penye jua kali na rezo ya simu ya kubembeleza. Jumamosi iliyokuwa inakuja, jamaa zake walikuwa waje kwetu Nyalukemba kubisha mlango na kusema rasmi kwamba kijana wao ameona ua katika nyumba ya Cirhuza. Baba alikuwa amekubali kuwapokea baada ya kusukumwa sana na mama, na kukubali kwa baba si kitu kinachokaa muda mrefu. Sasa kijana huyo huyo alikuwa amenizika mbele ya parokia nzima.

Ili uelewe uzito wa jambo hili, lazima ujue nyumba yetu. Baba yangu, papa Emile Cirhuza, alifundisha Kilatini maisha yake yote, na mpaka leo anapima maneno kama mimi ninavyopima dawa dukani. Kila jioni kengele ya kanisa ikilia saa kumi na mbili, tunasimama sebuleni, tunasali Malaika wa Bwana, na mwishoni baba anataja majina. Anataja baba yake, mama yake, kaka zake, na mwisho kabisa Destin, mdogo wangu, aliyetutoka akiwa bado ananyonya. Anataja kwa sauti ya chini. Hakuna mtu aliye hai aliyewahi kutajwa pale. Kwetu, kutajwa jina katika sala kilikuwa cheo cha marehemu, na mtu hakipewi kabla ya wakati wake.

Tulirudi nyumbani. Tantine Colette alisema maneno machache tu njiani, kwamba yeye ameishi vya kutosha na hajawahi kuona mchumba anayemtanguliza bibi harusi kaburini, na kwamba ukoo wenye akili unajua ishara ikija mlangoni. Mama alimwomba anyamaze. Baba alitutangulia kwa hatua ndefu, na hilo liliniogopesha zaidi.

Sombe ilikuwa tamu lakini hakuna aliyesikia utamu wake. Tulikuwa bado mezani mtu alipobisha, nikaenda kufungua. Alikuwa maman Chantal, jirani yetu anayekodisha viti vya sherehe. Alikuwa amejifunga kitenge kiunoni kwa kazi ya msiba, nyuma yake mkokoteni umejaa viti vya plastiki, na juu ya viti gunia la makaa. Habari ilikuwa imemfikia kwa simu, nusu nusu, na moyo wake mwema haukungoja nusu ya pili. Aliniona, akarudi nyuma hatua moja, akashika nguzo ya baraza.

"Constance," akasema polepole, "ni wewe?"

Nikamwambia ni mimi, karibu ndani. Hakuingia mpaka aliponigusa mkono. Kisha akaketi kwenye kiti chake mwenyewe akaanza kulia kwa furaha, na wanawake wengine wawili waliokuwa wanapanda njia wakasikia kilio wakaja mbio kusaidia. Kabla hatujawaeleza hawa, wengine walikuwa getini. Viti vilivyokuwa vije Jumamosi kwa ajili ya posa yangu vikapangwa uani Jumapili kwa ajili ya matanga yangu, na mimi mwenyewe nikawa napitisha chai.

Katika hali hiyo ndipo Chrispin alipofika.

Alikuwa ametoka Sange alfajiri, amepanda kona zote za mlima wa Ngomo, vumbi limempaka nyusi. Begani alikuwa na mfuko wa mchele mpya, mkononi tikiti maji kubwa, na usoni tabasamu la mtu anayejua amefanya jambo zuri na sasa amekuja kupokea shukrani yake. Lile tabasamu bado naliona. Alipofika getini akaona viti, akaona wanawake waliojifunga viuno, na tabasamu likamtoka. Akaweka tikiti chini.

"Nani alikufa?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Ni mimi," nikamjibu.

Alinitazama, akatazama chai mkononi mwangu, akanitazama tena. Macho ya Chrispin ni ya pole, hayajui kuficha kitu, na nilipoyaona yanahangaika namna ile hasira yangu ilianza kulegea kabla hata sijaitumia. Nikamwambia kilichosomwa. Akashika kichwa.

"Mimi niliomba bakukumbuke," akasema. "Ilikuwa cadeau yako ya anniversaire."

Sikupata nafasi ya kumjibu kuhusu zawadi hiyo ya kuzaliwa. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Aliwashukuru majirani kwa upole, akawaomba wanywe chai bila haraka, kisha akamwambia Chrispin aingie. Mfuko wa mchele ukabaki uani na tikiti lake, kama mizigo ya mgeni ambaye haijulikani kama atalala.

Sebuleni tulikuwa watano. Baba kwenye kiti chake, mama kando yake, tantine Colette karibu na dirisha amekunja mikono. Chrispin alipewa kiti cha katikati, kile kisicho na mito. Mimi nilisimama karibu na kabati nikiwa bado na sinia la chai mkononi.

"Kijana," baba akaanza, "wewe ni mutu wa masomo. Uniambie: mutoto wangu alikufa siku gani?"

"Papa, hajakufa."

"Ile naona. Saa sita tulikula naye. Nauliza juu ya nini kanisa inasema alikufa, na inasema ni wewe ulituma."

Chrispin alifuta vumbi usoni, akaeleza. Alikuwa amepiga simu parokiani Jumatano, amesimama juu ya kilima kidogo nyuma ya ofisi yao, mahali pekee ambapo rezo inapatikana, mkono mmoja umeshika simu na mwingine umeziba sikio. Mama sekretari wa parokia alimwitikia vizuri.

"Nikamuambia: mama, nataka bamukumbuke Constance M'Cirhuza ku misa ya siku ya Mungu. Akaniuliza: tangu lini? Mimi nikazania anauliza tangu lini ninamupenda. Nikasema: tangu mwaka moja na nusu."

Tantine Colette aligeuka kutoka dirishani.

"Akasema nini?" akauliza.

"Akasema: pole sana, papa. Nikazania ananihurumia juu ya mbali ya Sange. Nikamuambia: aksanti mama, ni kuvumilia tu."

Kisha kitu kikatoka kooni mwa tantine Colette, kitu kama kikohozi, akajifunika mdomo na ncha ya kitenge. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mama aliinamisha uso akawa anakunja na kukunjua leso yake. Mimi niliuma mdomo wangu mpaka ukauma kweli. Ila baba hakucheka, na tulipoona hacheki hata machoni, sisi sote tukatulia.

Baba akasema kosa la simu amelielewa, na mama sekretari hana lawama. Kilichokuwa kinamsumbua ni neno lenyewe. Mtu anayetaka kumwombea mzima, akasema, anasema kuombea, anasema kushukuru. Neno kukumbuka kila mtu anajua ni la nani. Yeye alimzika mtoto, na jina la mtoto yule analikumbuka kila jioni, na leo amesikia jina la mtoto wa pili likiwekwa pale pale. Sauti yake ilishuka aliposema hivyo. Akasema hawezi kujifanya moyo haukustuka. Labda jamaa za Chrispin wasije Jumamosi. Labda ingefaa kungoja, mwaka upite, watu wasahau.

Mwaka upite. Nilijua maana yake, na Chrispin pia alijua. Baba hasemi hapana kwa mtu aliyeketi nyumbani mwake. Huwa anasema tungoje.

Nilimtazama Chrispin. Hakujitetea. Alikuwa ameinama, mikono katikati ya magoti, na nikaelewa kwamba hatasema kile kitu kimoja ambacho kingemtoa lawamani, kwa sababu kingenitia mimi. Basi nikasema mwenyewe.

"Papa, ni mimi nilimutuma."

Wote wakageuka. Nikawasimulia. Mwezi uliopita Chrispin alipokuja tulikwenda kutembea kando ya ziwa, na badala ya kufurahi naye nilimgombeza njia nzima. Nilimwambia kule Sange ananisahau, siku nyingi simu yake haipatikani, wasichana wengine wanapigiwa asubuhi na jioni na mimi nalala nikitazama kioo cheusi. Aliniambia ananikumbuka kila siku. Nikamjibu kukumbuka kwa kimya ni rahisi, hata mbuzi anaweza.

"Nikamuambia: kama unanikumbukaka kweli, batu basikie," nikamaliza. "Papa, batu balisikia."

Mama aliangalia sakafu. Baba alinitazama muda mrefu, nadhani alikuwa anatafuta kukasirika na asijue aanzie wapi. Ndipo akamgeukia Chrispin tena, na nikaona mwalimu ameamka ndani yake, yule anayetaka kujua mwanafunzi alimaanisha nini hata kama jibu ni baya.

"Unasema unamukumbukaka kila siku. Unamukumbukaka namna gani?"

Chrispin aliinua kichwa. Alinitazama mimi kwanza, kama anayeomba ruhusa kufungua mfuko ambao ni wangu. Kisha akasema habari ya nyanya yake, koko wa kijijini Mumosho aliyemlea. Mwanamke yule alikuwa na watoto na wajukuu waliotawanyika kila upande, wengine hakujua hata wako nchi gani. Kengele ya jioni ikilia alikuwa anaacha jembe, anasimama shambani, na anamtajia Nyamuzinda, Mungu wa wazee wetu, jina la kila mmoja, wazima wote. Na kwa kila jina alikuwa lazima aongeze kitu kimoja alichokiona kwa mtu huyo. Kitu cha kweli, kidogo, kisichofanana na cha mwingine. Kwa sababu, alikuwa anasema, ukimpelekea Mungu jina tupu umempelekea mfuko bila kitu ndani.

"Mimi nikiwa mutoto nilikuwa nangoja afike ku jina yangu," Chrispin akasema. "Siku moja alisema: na Chrispin, leo alimupa mbwa nyama yake akazania sikumuona. Papa, ile siku nilijua koko ananipendaka. Alikuwa ananiona."

Mama aliacha kukunja leso.

"Basi kule Sange saa kumi na mbili ikifika, mimi pia nasimamaka. Bakulima balishazoea, banasema agronome yabo iko na muchumba yake. Namutaja Constance. Naongeza kitu kimoja."

"Kitu gani?" Aliyeuliza alikuwa mama. Mama huwa haulizi mbele ya baba.

Chrispin alifikiri kidogo. Kisha akaanza kusema, hakuniangalia, alikuwa anatazama mikono yake. Alisema Constance anapuliza chai hata ikiwa imepoa. Alisema dukani, mama mzee akinunua dawa, Constance anamwelezea namna ya kuimeza, kisha anazunguka meza, anakuja upande wa pili na kumwelezea tena taratibu akimshika mkono. Alisema akikasirika anamwita monsieur kama bwana mgeni, na akishaacha kukasirika bado anaendelea na monsieur kwa muda kidogo ili asionekane ameshindwa. Alisema akiwa kanisani anaimba sauti ya pili vibaya, kwa moyo wote.

Nilihisi uso unawaka. Nilikuwa nimelia mwezi mzima kwamba hanioni, na kumbe huyu mtu alikuwa ameniona mpaka mahali ambapo mimi mwenyewe sijafika.

"Na mabaya?" baba akauliza. "Au unamutajaka tu mazuri?"

"Nasema ata mabaya, papa. Mungu anamujua mbele yangu." Akasugua viganja vyake. "Ile siku ya ziwa niliteremka Sange na kasirani. Kesho yake kengele ikalia, sikutaka kumutaja. Nikasema leo namupita. Lakini koko hakupitaka mutu. Basi nikatafuta kitu kimoja, kimoja tu. Nikakumbuka mvua ilitunyeshea tukirudi, na Constance, na hasira yake yote, alinipa upande mukubwa ya parapluie. Alikuwa ananigombeza na bega yake inalowa. Nilipomaliza kusema ile, kasirani ikakuwa imeisha. Siwezi kumushikia kinyongo mutu ninamutaja kila siku. Nilijaribu. Haiwezekane."

Nililia. Sitaki kusema chozi lilinidondoka kistaarabu, hapana, nililia kama mtu wa matanga halisi, na wanawake uani waliposikia wakanyamaza. Nilimpenda Chrispin saa ile kuliko siku yoyote iliyopita, kuliko siku aliyoniomba niwe wake, na nilitaka kumwambia mbele ya wote lakini kilio kilinitangulia. Nilibaki nimesimama na sinia mkononi.

Baba alikuwa amefumba macho. Tulidhani amechoka. Kisha akaanza kuongea kwa ile sauti yake ya darasani.

"Nikiwa mutoto nilikuwa natumikia misa ya zamani, ya Kilatini. Padiri alikuwa anasimama mara mbili kukumbuka. Neno ni ile ile moja, kumbuka, Bwana. Mara ya kwanza alikuwa anakumbuka banani?"

Alikuwa hatuulizi sisi.

"Bazima," akasema. "Kwanza bazima. Ananyamaza, anabataja mu roho. Nyuma yake, ndio anafika ku bamarehemu." Akafumbua macho. "Nilifundisha ile neno miaka yote. Na mu nyumba yangu nilianzia ku nusu ya pili."

Tantine Colette alifungua mdomo, labda alitaka kurudia habari ya ishara, lakini kengele ya kanisa ikalia. Saa kumi na mbili ilikuwa imetukuta bila kuhesabu. Tulisimama wote, na Chrispin akasimama nasi. Uani nilisikia viti vikisogezwa, maman Chantal na wenzake nao walikuwa wanainuka. Tulisali Malaika wa Bwana, sisi ndani na wao nje, hatukuanza pamoja lakini tulimaliza pamoja.

Ikafika zamu ya majina. Nilisubiri jina la babu, kama siku zote. Baba alivuta pumzi, akaiachia, akavuta tena. Kisha akasema:

"Eulalie."

Mama aliinua uso haraka, kama mtu aliyeitwa kutoka jikoni.

"Eulalie," baba akarudia, na sauti yake haikuwa imara. "Siku Destin alitutoka, batu balikuwa wengi, mimi nilikuwa siwezi kusimama. Ulikuja nyuma ya nyumba ukanifunga viatu. Hatukuongea. Ulifunga cha kuume, ukafunga cha kushoto. Sikukuambia kitu mpaka leo."

Mama alikuwa ametulia kabisa. Mikono yake ilishika leso bila kuikunja. Nilimwona anatabasamu na machozi yanateremka juu ya tabasamu hilo, na hakuyafuta.

"Nilizania nitangoja nikufe kwanza," akasema, "ndio utanitaja."

Baba alimshika mkono. Sikuwahi kumwona akimshika mkono mbele yetu, na sikujua nitazame wapi, nikamtazama Chrispin, naye alikuwa ananitazama. Hakuna hata mmoja wetu aliyetabasamu, lakini tuliambiana kila kitu.

Baada ya hapo baba alitaja babu na bibi na kaka zake na Destin, kwa sauti yake ileile ya chini. Alipomaliza akapiga ishara ya msalaba, akaketi, akauliza kama ule mchele uliokuja na mgeni utabaki nje mpaka unyeshewe. Tantine Colette ndiye aliyetoka kuuchukua, na alipokuwa anapita mbele ya Chrispin alimwambia jamaa zake Jumamosi wasichelewe, maana yeye hapendi kula chakula kilichopoa. Maman Chantal aliacha viti vyote pale pale uani. Alisema hana nguvu ya kuvisukuma kupanda na kushuka kwa wiki moja, na kwa vile maiti mwenyewe ameshamnywesha chai, hatatoza siku za katikati. Tukakata tikiti, tukala sote, na ile ndiyo ikawa karamu ya kuzaliwa kwangu.

Nilimsindikiza Chrispin mpaka getini. Nilimwambia asamehe yale maneno ya kando ya ziwa. Akasema maneno gani, monsieur anasikia leo kwa mara ya kwanza. Nikampiga bega, akaushika mkono wangu pale pale begani, akaubakiza hapo.

"Ukinikumbuka kesho," nikamwambia, "utasema nini?"

"Nitasema alipitisha chai ku matanga yake."

Asubuhi alirudi Sange. Siku mbili simu yangu haikulia hata mara moja, na nisingesema kweli nikidai sikuitazama. Jumanne jioni nilikuwa dukani, mama mmoja mzee amesimama mbele yangu na karatasi ya daktari, kengele ilipolia. Niliweka dawa juu ya meza, nikafumba macho. Nikamtaja Chrispin. Nikatafuta kitu kimoja, kikaja chenyewe, vile alivyoweka tikiti chini taratibu getini siku ile, kwa mikono miwili, akidhani kuna mtu amekufa na hataki kulipasua. Nilikaa nacho kidogo. Kilikuwa kizuri, na nilimhisi karibu kuliko simu ilivyowahi kumleta.

Nilipofumbua macho yule mama alikuwa ananitazama kwa wasiwasi.

"Binti yangu, unagonjwa?"

"Apana, mama. Nilikuwa namukumbuka bwana yangu."

Alinishika mkono juu ya meza, uso wake umejaa huruma.

"Pole sana. Alikufa lini?"

"Hajakufa, mama," nikamwambia. "Iko Sange."